Damu Iliyosomwa kwa Kuchelewa

Kati ya mwaka 2008 na 2012, watu wazima 750 walifika katika kliniki ya VVU ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, kusini mwa Mkoa wa Morogoro, kinga ya miili yao ikiwa imebomoka. Kila mmoja alikuwa na chembe za CD4 pungufu ya 150 katika mikrolita moja ya damu; mtu mwenye afya njema huwa nazo 500 au zaidi. Kabla hawajaanzishiwa dawa za kufubaza virusi walitolewa damu, na sehemu ya utegili, yaani majimaji ya damu, ikatiwa kwenye mirija na kugandishwa kwa ajili ya tafiti za baadaye.

Mirija ile ilipokuja kuyeyushwa na kupimwa, utegili wa watu 28 ulikutwa na alama za fangasi aitwaye Cryptococcus neoformans. Ni asilimia 3.7 tu ya wote. Lakini kumbukumbu za kliniki zilipofunuliwa, ikaonekana kwamba ndani ya mwaka mmoja 21 kati ya hao 28 walikuwa wamefariki au wametoweka kliniki bila kujulikana walipo. Kwa wenzao 722 ambao damu yao haikuwa na alama hizo, waliofikwa na hali hiyo walikuwa asilimia 42. Kumi na mmoja kati ya wale 28 waliugua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi huyo. Habari ya hatari iliyowakabili ilikuwa imelala ndani ya friza tangu siku waliyotolewa damu.

Ripoti ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015 na Emili Letang, Alex Ntamatungiro na wenzao waliokuwa wakifanya kazi Ifakara, wakishirikiana na watafiti wa Uswisi na David Boulware wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Ni makala fupi ya kitabibu, lakini nyuma yake kuna historia ya zaidi ya miaka mia moja: fangasi aliyetambuliwa Ulaya karne ya 19, dawa zilizochimbuliwa kutoka udongoni katikati ya karne ya 20, na muda mrefu uliopita kabla vitu hivyo viwili, utambuzi na tiba, havijakutana katika bonde la Kilombero.

Mgonjwa wa kwanza kuandikwa vitabuni alikuwa mwanamke wa miaka 31 mjini Greifswald, Ujerumani. Mwaka 1894 alikuwa na uvimbe kwenye mfupa wa muundi uliofanana na saratani. Otto Busse, mtaalamu wa patholojia, aliona ndani yake viumbe vya duara vinavyofanana na hamira, na daktari Abraham Buschke akamweleza mgonjwa huyohuyo kwa upande wake. Mwanamke yule alifariki. Mwaka huohuo, huko Italia, Francesco Sanfelice alimpata kiumbe wa aina hiyo kwenye maji ya tunda la pichi. Wengi walimchukulia kama kioja cha maabara. Ilipofika miaka ya 1950, Mmarekani Chester Emmons alikuwa ameshamtoa kwenye udongo, na mwaka 1955 akaonyesha kwamba anastawi hasa kwenye mavi na viota vya njiwa.

Hivyo basi, karibu kila mtu humvuta. Chembe zake ni ndogo mno, hupeperushwa na vumbi na kushuka hadi mapafuni, ambako kinga ya mwili humzingira na kumnyamazisha kwa miaka mingi. Kinga ikiporomoka, huamka, huingia kwenye damu na kupanda ubongoni. Amevaa ganda nene la sukari linalowachanganya askari wa mwili. Vipande vya ganda hilo humwagika kwenye damu, wiki kadhaa au hata miezi kabla mgonjwa hajalalamika chochote. Hivyo ndivyo vilivyokutwa kwenye mirija ya Ifakara.

Akishafika ubongoni, fangasi huziba njia ambamo maji ya uti wa mgongo hutoka, kama mtaro uliojaa takataka wakati wa masika. Maji hujaa, shinikizo hupanda ndani ya fuvu. Kichwa kinauma kwa siku, kisha kwa wiki. Macho huanza kuona vitu viwili viwili, masikio huziba, mgonjwa huchanganyikiwa na mwisho hupoteza fahamu. Mara nyingi shingo haikakamai kama ilivyo kwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria, na homa yenyewe yaweza kuwa ndogo. Katika nchi ambayo kichwa kuuma na homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, ugonjwa unaoanza polepole namna hii una nafasi kubwa ya kujificha.

Dawa za fangasi zilichelewa sana nyuma ya dawa za bakteria. Penisilini ilikuwa imeshaokoa majeruhi wa Vita Kuu ya Pili wakati bado hapakuwa na kitu cha kumpa mtu mwenye fangasi ndani ya mwili. Mwaka 1950 wanawake wawili wa Idara ya Afya ya Jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walitangaza dawa waliyoipa jina la jimbo lao: nistatini. Mmoja alikuwa New York mjini na mwingine Albany, wakitumiana sampuli za udongo na vimelea kwa posta ndani ya chupa za glasi. Dawa hiyo ina sumu kali ikichomwa kwenye mshipa, kwa hiyo imebaki kuwa ya ngozi na kinywa. Mama yeyote wa Kitanzania ambaye mtoto wake mchanga aliwahi kuota utando mweupe mdomoni huenda aliwahi kupewa matone yake kliniki.

Miaka mitano baadaye, maabara ya kampuni ya Squibb ilipata amfoterisini B kutoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa karibu na mto Orinoco, Venezuela. Hii iliweza kuingia kwenye damu na kuua fangasi, na kwa mara ya kwanza watu wenye fangasi wa ubongo wakaanza kupona. Gharama yake kwa mwili ilikuwa kubwa. Mgonjwa hutetemeka na kupandwa na homa dripu ikiwa bado inaingia. Figo huumia, potasiamu hushuka, damu hupungua. Kuitumia salama kunahitaji kitanda cha hospitali, dripu kila siku, maji ya chumvi ya kutosha, na maabara ya kupima figo mara kwa mara.

Dawa ya tatu haikuwa na masharti hayo. Kundi la Ken Richardson katika maabara za Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, lilitengeneza flukonazoli, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni kidonge, huvumilika vizuri na hufika ubongoni. Kasoro yake ni moja: humzuia fangasi asizaliane, wala haimuui upesi. Kwa mgonjwa ambaye ubongo umeshajaa fangasi, flukonazoli peke yake mara nyingi hushindwa mbio. Kwa mgonjwa ambaye fangasi ndiyo kwanza ameonekana kwenye damu, mambo huwa tofauti kabisa, lakini hilo lilisubiri kugunduliwa kwa njia rahisi ya kumwona kwenye damu.

Tanganyika ilikuwa na wataalamu wa fangasi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1960, Mmarekani Libero Ajello pamoja na Philip Manson-Bahr na J. C. Moore walichapisha ripoti iliyotaja mapango ya Amboni, karibu na Tanga, kuwa makazi mapya ya histoplasma, fangasi wa mapafu anayestawi kwenye mavi ya popo. Mwenye kinga nzuri aliyevuta vumbi la pangoni huweza kukohoa wiki chache na kupona asijue alichougua. Ripoti ilibaki kuwa habari ya mapango. Fangasi wa ndani ya mwili walihesabiwa kuwa ugonjwa wa nadra, wa mtu mmoja mmoja asiye na bahati.

Kisha likaja janga la UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na haikuchukua miaka mingi kabla mikoa yote ya bara haijaanza kuripoti wagonjwa. Katika wodi za Afrika Mashariki na Kati, fangasi wa ubongo akageuka kutoka kioja kuwa jambo la kila juma. Madaktari wa Kinshasa walikuwa wameona ongezeko la homa ya uti wa mgongo ya aina hii hata kabla VVU havijapewa jina.

Morogoro ulikuwa mkoa wenye njia nyingi za kuingia na kutoka. Reli ya kati ilifika mjini Morogoro mwaka 1907. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970, inapita Kisaki kusini mwa milima ya Uluguru na kuendelea hadi Ifakara. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Mikumi, na ukiiacha hapo unashuka Kidatu kwenye mashamba makubwa ya miwa, kisha bonde la mpunga la Kilombero. Kutoka mjini Morogoro hadi Ifakara ni zaidi ya kilometa 200. Upande wa pili wako Waluguru, kwenye milima ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita meta 2,600, ambako mboga za Mgeta na ndizi za Kinole hushuka mjini kila siku na maji ya mvua hushuka kwenye mto Ruvu hadi mabombani Dar es Salaam.

Mgonjwa naye hushuka kwa njia hizohizo. Anayetoka kijiji cha mlimani kisichofikiwa na gari hubebwa kwa machela hadi barabarani, kisha bodaboda au basi la mjini. Kabla ya hapo huwa ameshapita duka la dawa, zahanati, na pengine kwa mganga, maana maumivu ya kichwa yasiyokwisha na mtu kuanza kuweweseka ni mambo ambayo jamii ina maelezo yake. Kila kituo kina mantiki yake, na kila kituo kinakula siku. Katika ugonjwa huu siku zina maana: anayefikishwa hospitali akiwa bado anajitambua ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko aliyefikishwa akiwa amepoteza fahamu.

Ifakara yenyewe ilikuwa na kitu ambacho miji mingi midogo ya Afrika haikuwa nacho. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel, Uswisi, alifika kwenye misheni ya Wakapuchini na kuvutiwa na bonde lenye mbu, kupe na magonjwa mengi kwa mpigo. Mwaka 1957 akaanzisha hapo maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi. Maabara hiyo ilikua, ikakabidhiwa kwa Watanzania, na tangu mwaka 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara, maarufu duniani kwa tafiti za malaria na vyandarua. Serikali ilipoanza kugawa dawa za kufubaza VVU bure mwaka 2004, hospitali ya misheni na taasisi hiyo ziliungana kufungua kliniki ya magonjwa sugu, na kila mgonjwa aliyekubali akaingizwa kwenye daftari la pamoja la ufuatiliaji la Kilombero na Ulanga. Tabia ya watafiti wa malaria ya kuhifadhi damu kwenye baridi kali ikahamia kliniki ya VVU. Bila tabia hiyo, kusingekuwa na mirija ya kuyeyusha.

Namna ya kumtambua fangasi ilikuwa ni ileile ya miongo mingi. Daktari humlaza mgonjwa kwa ubavu, akunje magoti hadi kifuani, kisha huingiza sindano ndefu kati ya pingili za chini za mgongo na kuchukua maji. Tone la maji hayo huchanganywa na wino mweusi wa India na kutazamwa kwa hadubini. Wino hauwezi kupenya ganda la fangasi, kwa hiyo katikati ya weusi huonekana duara zinazong'aa. Ni kipimo cha bei ndogo na cha kupendeza kukitazama, lakini fangasi wakiwa wachache jicho huwakosa, na kinamfaa tu mtu ambaye ugonjwa umeshafika kichwani.

Tena kuna sindano yenyewe. Watu wengi katika Afrika Mashariki wanaamini kwamba kutoboa uti wa mgongo huua au hupoozesha, kwa sababu wamewaona jamaa waliotobolewa na kufariki siku mbili baadaye. Kilichowaua ni ugonjwa, lakini sindano ndiyo iliyoonekana. Kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, neno la mjomba wa mgonjwa lina uzito, na daktari wa Morogoro anayetaka idhini huweza kujikuta akieleza jambo lilelile kwa mke, kwa mama na kwa mjomba aliyewasili jioni. Jambo hilo lina umuhimu maradufu, kwa kuwa sindano hii ni tiba pia. Kutoa maji hushusha shinikizo na maumivu hupungua mgonjwa angali kitandani. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliotolewa maji tena kwa ajili ya tiba walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa kuliko wasiotolewa.

Mageuzi yalikuja kwa umbo la kijikaratasi. Thomas Kozel wa Chuo Kikuu cha Nevada alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza kingamwili zinazolishika ganda la fangasi huyu, kriptokokasi, na kampuni ya IMMY ya Oklahoma ikazitumia kutengeneza kipimo cha haraka kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Tone la utegili, matone machache ya kimiminika, kijikaratasi kinachovywa, na baada ya dakika 10 mistari miwili humaanisha yupo, mmoja humaanisha hayupo. Hakihitaji friji wala hadubini, na bei yake ni dola chache. Mwishoni mwa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wenye CD4 chini ya 100 wapimwe vipande hivyo vya ganda, yaani antijeni ya fangasi, kabla ya kuanza dawa za VVU, katika maeneo ambako ugonjwa huu umeenea.

Ushauri ni jambo moja, na kujua kama unafaa Kilombero ni jambo jingine. Ndipo mirija ya akina Letang na Ntamatungiro ilipopata kazi. Matokeo yao yalikuwa na upande wa pili ambao haukutajwa hapo juu. Baadhi ya wale 28 walikuwa wamepewa flukonazoli na wengine hawakupewa, na walipolinganishwa, waliopewa walikuwa na hatari ya kufa au kupotea iliyo ndogo kwa zaidi ya mara tano. Kiasi cha antijeni nacho kilikuwa na maana: wale ambao utegili wao uliendelea kuonyesha fangasi hata baada ya kuzimuliwa zaidi ya mara 160 ndio walioelekea zaidi kupata homa ya uti wa mgongo. Kwa maneno mengine, kidonge kilichokuwa dhaifu mbele ya ugonjwa uliokomaa kilikuwa na nguvu kikitangulia ugonjwa.

Mwaka huohuo wa 2015, jarida la Lancet lilitoa majibu ya jaribio kubwa zaidi lililofanyika Dar es Salaam na Lusaka chini ya Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Shabbar Jaffar wa London. Watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya kliniki. Kundi la pili lilipimwa antijeni ya fangasi, wenye fangasi wakapewa flukonazoli, na kila mmoja akatembelewa mara moja kwa wiki katika wiki nne za mwanzo na mhudumu asiye daktari wala muuguzi, mtu wa mtaani aliyepewa mafunzo mafupi, aliyepeleka dawa na kuuliza hali. Baada ya mwaka, vifo vilikuwa asilimia 18 katika kundi la kwanza na asilimia 13 katika la pili. Kijikaratasi na mgeni wa kila wiki, vikiwa pamoja, vilipunguza vifo kwa zaidi ya robo. Miongozo ya kitaifa ya VVU ya Tanzania baadaye iliingiza upimaji huo.

Waliofika hospitali wakiwa wameshaugua walihitaji jibu lao. Uganda ilitangulia kutoa moja lenye kushangaza. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 177 wa Uganda na Afrika Kusini waligawanywa: nusu waanze dawa za VVU katika wiki mbili za mwanzo, nusu wasubiri hadi wiki ya tano. Kila daktari alikuwa amefundishwa kwamba VVU vifubazwe mapema. Lakini baada ya wiki 26, waliowahi walikuwa wamebaki hai asilimia 55, na waliosubiri asilimia 70. Kinga iliyorudi kwa kasi katika ubongo wenye fangasi wengi ilileta mwako mkali. Tangu hapo dawa za VVU husubirishwa wiki nne hadi sita baada ya matibabu ya fangasi kuanza.

Ifakara, kama hospitali nyingi za vijijini, ilipambana kwa kilichokuwepo kabatini. Madaktari wake walijaribu hata setralini, dawa ya sonona ambayo maabara zilikuwa zimeonyesha kwamba humdhoofisha kriptokokasi, wakiichanganya na flukonazoli na siku chache za amfoterisini, na mwaka 2019 wakachapisha walichokiona. Mwaka huohuo jaribio kubwa la Uganda, lenye wagonjwa 460, lilihitimisha kwamba kuongeza setralini hakupunguzi vifo. Njia hiyo ikafungwa.

Iliyofunguka ilipitia dawa ya zamani iitwayo flusitosini, iliyobuniwa mwaka 1957 kutibu saratani, ikashindwa, kisha ikagundulika kuwa mwenzi mzuri wa amfoterisini dhidi ya fangasi. Kwa miongo kadhaa haikuwa ikipatikana katika sehemu kubwa ya Afrika, ingawa wagonjwa wengi waliihitaji huku. Jaribio la nchi nne, Tanzania ikiwamo pamoja na Malawi, Zambia na Cameroon, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba wiki moja tu ya amfoterisini pamoja na flusitosini ilishusha vifo vya wiki 10 hadi asilimia 24, chini kuliko tiba nyingine zote zilizolinganishwa. Mwaka 2022 likafuata lingine la wagonjwa 814 wa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Safari hii amfoterisini ilifungwa ndani ya vijimfuko vya mafuta ili isiumize figo, ikatolewa mara moja tu kwa dozi kubwa, na mgonjwa akaendelea na flusitosini na flukonazoli za vidonge kwa siku 14. Vifo vilikuwa asilimia 24.8, ikilinganishwa na 28.7 kwa tiba ya wiki nzima ya dripu, na madhara yalikuwa machache zaidi. Mwezi mmoja baadaye Shirika la Afya Duniani liliifanya kuwa tiba ya kwanza.

Bei ndiyo inayoamua kama tiba hiyo inafika Kilombero au Mvomero. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead iliahidi kuuza amfoterisini ya mafuta kwa nchi za kipato cha chini na cha kati kwa dola 16.25 kichupa cha miligramu 50. Mtu wa kilo 50 anahitaji miligramu 500, yaani vichupa 10, karibu dola 163 kabla ya flusitosini, usafiri na kitanda. Kinachokwepeka ni wiki ya dripu, vipimo vya figo vya kila mara, na kitanda kinachokaliwa siku nyingi.

Kriptokokasi ndiye aliyefungua mlango, lakini hayuko peke yake. Katika hospitali za Moshi, watafiti walirudia damu na mikojo ya wagonjwa 970 waliolazwa kwa homa, wakakuta tisa walikuwa na histoplasma, yule wa mapango ya Amboni. Saba kati ya hao tisa walikuwa wamehesabiwa kuwa wenye kifua kikuu au nimonia ya bakteria. Nairobi, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, asilimia 38 ya fangasi wa jamii ya candida waliokutwa kwenye damu kati ya mwaka 2010 na 2016 walikuwa Candida auris, asiyesikia dawa nyingi na anayeng'ang'ania kwenye vitanda na vifaa vya wodi za wagonjwa mahututi. Na mwaka 2014 iliripotiwa kwamba kwenye udongo wa Tanzania wapo fangasi aina ya Aspergillus fumigatus wenye mabadiliko ya vinasaba yanayowafanya wasiguswe na kundi la dawa ambalo hutumika hospitalini na pia, kwa majina mengine, hunyunyiziwa mashambani kulinda mazao. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari zaidi, Oktoba 2022, liliwaweka wanne kwenye ngazi ya juu kabisa: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans.

Wakati hayo yote yakisonga mbele, kipimo kimoja kilikuwa kikirudi nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2016 Tanzania ilianza kumpa dawa kila mtu mwenye VVU bila kungoja kinga ishuke. Uamuzi huo uliokoa wengi, lakini uliondoa sababu ya awali ya kuhesabu CD4, na wafadhili wakapunguza fedha za mashine na vitendanishi vyake. Bila CD4, mhudumu hana namna ya kujua ni nani kati ya wagonjwa wake wa leo anastahili kijikaratasi cha fangasi. Wapo wengi: waliochelewa kupima, na hasa walioanza dawa, wakaziacha, kisha wakarudi wakiwa wamedhoofu.

Jibu la kiufundi lipo. Kipimo cha haraka kiitwacho VISITECT huonyesha kwa dakika 40, bila mashine, kama CD4 iko juu au chini ya 200. Ikiwa iko chini, kinafuata kijikaratasi cha fangasi kwa damu na kingine cha kifua kikuu kwa mkojo. Mwenye fangasi huulizwa kuhusu kichwa na kushauriwa kutolewa maji ya mgongo. Maji yakiwa safi, huanza flukonazoli ya miligramu 800 hadi 1,200 kwa siku kwa wiki mbili, kisha dozi ndogo kwa wiki nane, akiwa nyumbani kwake. Vifaa hivyo kwa sehemu kubwa vimekuwa vikinunuliwa kwa fedha za nje, na Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi mingi ya VVU nchini ilitikisika. Kazi ya kuamua ni vipimo vipi vigharimiwe kwa bajeti ya ndani, na kwa vituo vingapi, sasa iko mezani kwa Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa.